Alama za Mheshimiwa

Watu walimwita Besi, naye aliitika. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye mikataba. Hilo la Besi alilipata enzi anatengeneza redio kwenye meza ya mbao, barazani kwa mwenye duka, kwa sababu redio yoyote iliyopita mikononi mwake ilirudi kwa mwenyewe ikinguruma kuliko ilivyokuja. "Redio yangu ilikuwa inaongea, sasa inahubiri," mteja mmoja aliwahi kumwambia. Besi akapandisha bei papo hapo. Mahubiri yana gharama yake.

Hivyo ndivyo alivyopanda. Hakurithi kitu na hakuoa penye kitu. Alinunua spika mbili mbovu kwa bei ya chuma chakavu, akazifufua, akazikodisha. Mbili zikazaa nne, nne zikajaza ghala nyuma ya duka la mapazia la mkewe. Alipofika miaka hamsini na mbili, kiongozi yeyote aliyetaka kusikika na uwanja mzima alimpigia yeye simu. Chama hakuwa nacho. Akiulizwa ni wa chama gani, alijibu, "Chama cha anayetoa nusu kabla." Na alilala vizuri, mpaka mwaka ule wa uchaguzi.

Inabidi kazi yake ieleweke kidogo, maana kosa lake limo humo humo. Meza ya sauti ni bapa pana lenye vifundo vya kuzungusha. Kila maiki ina mstari wake: kifundo cha sauti nzito, cha sauti za katikati, cha sauti kali za juu, na chini kabisa kitelezi cha kupandisha na kushusha. Besi alibandika utepe mweupe pembeni mwa vifundo na juu yake akachora vijistari kwa wino mweusi. Ukizungusha mpaka kwenye vijistari, sauti ya mwanamume mwenye kifua inatoka safi: uzito umepunguzwa usilete matope, makali ya juu yameongezwa yafike mpaka kwa aliyekaa juu ya ukuta wa uwanja. Aliviita alama za mheshimiwa. Vilimgharimu miaka ya kukosea kuvipata, na vilimlipa. Mheshimiwa anafika amechelewa, anapanda jukwaani na jasho lake, anafungua mdomo, na fundi alishamaliza kazi zamani.

Katika miaka yote hiyo, aliyepanda akiitwa mheshimiwa alikuwa mwanamume. Wanawake walipanda kuimba. Na kwa waimbaji Besi alikuwa na mkono mwingine: aliwapunguzia makali, akawarudishia joto la chini, akamsikiliza kila mmoja kivyake mpaka sauti ikae. Hao hakuwawekea alama. Aliwatengeneza kwa sikio. Kwa hiyo asije mtu akamtetea kwamba hakujua. Alijua.

Mwaka ule wagombea urais walikuwa watano. Wanne wanaume, na mmoja mwanamke aliyewahi kusimamia miradi mikubwa ya maji, ambaye nchi nzima ilimwita Mhandisi. Kamati ya midahalo ilipanga midahalo miwili kwenye ukumbi wa chuo, yote ikirushwa moja kwa moja. Besi alibishana na kamati siku tatu juu ya mkataba, akaupata. Alifurahi. Mwenye midahalo ya urais mkononi hatafuti tena harusi.

Siku ya mdahalo wa kwanza alipanga maiki tano kwenye meza tano, akazungusha mistari yote mitano mpaka kwenye alama, akavuta kiti. Wasaidizi wa waheshimiwa wakaja mmoja mmoja, wakasema "moja, mbili, moja, mbili" kwa sauti za kuazima, wakaridhika, wakaenda. Wa mwisho alikuwa mpwa wa Mhandisi, binti mwenye daftari na viatu vya kukimbilia, ambaye ndiye alikuwa msaidizi wake.

"Fundi, samahani. Sauti ya mama mkubwa utaitengeneza kivyake?"

"Dada yangu," Besi akamwambia, "hapa ni usawa. Maiki moja, alama moja, mtu na mwenzake. Nikimgusia yeye kidogo tu, kesho wanne wale watasema mama kapendelewa. Unataka hilo?"

Binti akafikiri. "Hapana. Hilo hatulitaki."

"Basi."

Binti akaandika kwenye daftari lake kwamba mitambo ni sawa kwa wote, akamshukuru. Besi hakusema uongo. Lakini lilikuwepo jingine ambalo hakulitoa: kuutengeneza mstari ule kungemchukua dakika kumi na kungehitaji Mhandisi mwenyewe akae pale aseme maneno mawili matatu, na kazi hiyo haikuwa kwenye mkataba. Kazi isiyo na bei haina fundi. Hiyo ilikuwa kanuni yake, na ilikuwa imemfikisha pale.

Mdahalo ukaanza saa kumi alasiri. Waheshimiwa wawili wa kwanza walitoka kama asali kwenye kijiko. Akafuata Mhandisi, na neno lake la kwanza lilipoingia kwenye hedifoni za Besi, mabega yake yalipanda yenyewe. Sauti ilikuwa nyembamba na yenye makali, kama ukucha juu ya bati. Besi aliwahi kumsikia mama huyu akiongea bila maiki, mlangoni, akiwasalimu walinzi. Alikuwa na sauti ya kawaida kabisa, ya mwalimu mkuu aliyeshiba. Huyu wa kwenye spika hakuwa yeye. Huyu alikuwa amechorwa na vijistari.

Mkono ulikwenda kwenye kifundo. Ukasimama hapo hapo juu yake.

Baadaye alijiuliza sana mkono ule ulisimama kwa nini. Kanuni ya kutogusa vifundo kipindi kikiwa hewani ilikuwepo, kweli, lakini aliwahi kuivunja mara mia kwa ajili ya wakubwa wenye mafua. Ukweli, ambao hakumwambia mtu kwa wiki nzima, ni kwamba kitu fulani ndani yake kilisema: usawa mama aliutaka mwenyewe, basi aule.

Mhandisi alikuwa anaeleza mabomba, wapi maji yanapotelea na kwa nini. Mheshimiwa mmoja, yule mwenye tabia ya kupandisha miwani kwenye paji la uso, akamkatiza. Kitelezi chake Besi alikuwa amekiacha juu. Kitelezi cha mheshimiwa hakishushwi.

"Mama, mama. Tunakusikia. Punguza kidogo, hatugombani hapa."

Ukumbi ukacheka. Mhandisi akaendelea na mabomba, na kwa kuwa ilibidi avuke kicheko, akapaza. Spika zikamfanya apige yowe. Mwendeshaji wa mdahalo, ambaye waheshimiwa wawili wa mwanzo aliwauliza watajenga nini na fedha zitatoka wapi, akaweka karatasi zake chini na kumgeukia kwa upole wa daktari.

"Mhandisi, mwananchi aliyeko nyumbani anaweza kujiuliza. Mtu anayefoka namna hii kwa swali dogo, atatulia vipi mbele ya mambo mazito ya nchi?"

"Sifoki. Naeleza."

"Ndiyo, lakini unavyoeleza."

Muda uliobaki, Mhandisi aliutumia kueleza anavyoeleza. Mabomba hayakurudi. Besi alikaa na hedifoni zake akisikia kila pumzi, pamoja na ile fupi aliyoivuta mama yule aliposhika glasi ya maji akaiacha bila kunywa.

Kesho yake asubuhi alikuta jina limeshazaliwa. King'ora. Vipande vya mdahalo vilizunguka kwenye simu vikiwa vimeunganishwa na ving'ora vya magari ya wagonjwa. Dukani kwa mkewe wateja walikuwa wanacheka wakipima mapazia.

"Mambo yake mazuri yule mama," mkewe alimwambia wakila mchana. "Ila sauti, baba watoto, inachoma. Mimi nilipunguza redio."

Besi akatafuna. "Ulipunguza?"

"Nikaizima kabisa. Nikasema nitasoma gazetini."

Alikunywa maji, akasukuma sahani pembeni.

Siku ya tatu kamati ikamwita. Upande wa Mhandisi ulikuwa umelalamika kwa maandishi kwamba maiki yake ilikuwa na hitilafu. Katibu wa kamati, mwanamke wa makamo mwenye kalamu iliyofungwa kamba shingoni, alimkalisha kwenye kiti cha plastiki na kumuuliza kwa kufuata karatasi.

"Fundi, maiki ya meza ya tatu ilikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu."

"Ilipangwa tofauti na nyingine?"

"Hapana. Zote nilizipanga sawa."

"Kuna mtu alikuja kukuomba uibadilishe?"

"Msaidizi wake aliuliza. Tukakubaliana iwe sawa kwa wote."

Katibu akaandika, akamsogezea. Besi akasoma mara mbili kama anavyosoma mikataba, akitafuta neno la uongo, hakuliona. Akasaini. Alipokuwa anarudisha karatasi, katibu akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtua mwenzake mzigo, "Mchagua jembe si mkulima, fundi. Sisi wanawake tukipewa nafasi tusitafute visingizio."

Besi akatikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa kule kulikuja kumuuma kuliko saini.

Magazeti yakaandika: fundi athibitisha mitambo ilikuwa sawa. Kuanzia hapo Mhandisi hakuwa tena mtu mwenye sauti kali tu; alikuwa mtu mwenye sauti kali anayesingizia vyombo. Kwenye mkutano wake wa hadhara mtu alimuuliza kama akishindwa urais atamlaumu fundi aliyetengeneza kiti cha ikulu. Besi alisikia hayo redioni akiwa anafunga waya ghalani, akafungua waya, akaufunga tena.

Siku ya sita hakuweza kuvumilia tena. Alimwita mkewe ghalani, mchana kweupe, duka likiwa limepoa. Aliunganisha meza, spika moja na maiki moja, akazungusha vifundo mpaka kwenye alama.

"Sema kitu."

"Niseme nini? Nina mteja anarudi saa nane."

"Sema hayo hayo."

"Nina mteja anarudi saa nane, anataka pazia la chumbani, rangi ya..." Mkewe akakatisha. Akaitazama spika. "Huyo nani?"

"Wewe."

"Mimi siko hivyo."

"Kwenye alama hizi uko hivyo."

Akazungusha. Makali yakashuka, joto likapanda. "Sema tena."

Mkewe akasema tena habari ya pazia, polepole, na safari hii ghala lilijaa sauti ya mwanamke mzima aliyekaa kwenye haki yake. Aliisikiliza mpaka ikaisha. Hakuuliza alifanyaje. Alikuwa mfanyabiashara, alijua mzani ukichezewa unasemaje.

"Yule mama ulimweka kwenye zile za kwanza."

"Ndizo za kila mtu."

"Kila mtu yupi?" Akaiweka maiki juu ya kasha. "Kwa hiyo ulijua."

Besi akaanza kukunja waya wa maiki.

"Na mimi nilipotaka kusoma risala harusi ya mdogo wangu. Ukaniambia niache, nimpe shemeji asome, sauti yangu haibebeki na spika. Ulijua na siku ile?"

"Siku ile nilikuwa na haraka."

"Una haraka miaka ishirini na tatu wewe." Hakupaza sauti. "Nenda kawaambie."

"Nikienda kusema sasa, nimekwisha. Mdahalo wa pili ni keshokutwa. Nitamtengenezea vizuri, kimya kimya, asikike anavyotakiwa. Watu wakimsikia, ya mwanzo watayasahau."

"Kwa hiyo umemvunja mtu hadharani, unataka kumuunga sirini."

"Nataka asaidike bila kelele."

"Bila kelele kwa nani?"

Alirudi dukani kwa mteja wake. Besi alibaki na hesabu zake, na kwa mara ya kwanza hesabu zilimpa jibu alilolitaka bila kumpa raha. Kusema: mkataba unakwenda, na baada ya mkataba mikutano, maana nani atamchukua fundi aliyekiri? Kutosema na kutengeneza: kila mtu anapona. Ilikuwa biashara nzuri. Alijua dalili ya biashara nzuri kupita kiasi. Kuna mtu hajaambiwa bei.

Mdahalo wa pili, mstari wa tatu aliuandaa kama anavyomwandalia mwimbaji. Alibandika utepe mpya, bila alama. Aliongeza uzito wa chini, akakata makali ya juu kwa kumbukumbu ya ile sauti ya mlangoni. Mpwa wa Mhandisi alipopita hakumsemesha, na Besi naye akajifanya anatafuta soketi.

Kitu asichokijua ni kwamba, kwa siku zile nane, Mhandisi hakuwa amekaa. Walimtafutia mwalimu wa sauti. Alikuwa amefunzwa asubuhi na jioni kushusha sauti kifuani, kusema taratibu, kusogeza mdomo karibu na maiki. Mtu anayesimamia maji anajua: njia ikiziba, unachimba nyingine. Alijirekebisha yeye, kwa kuwa aliambiwa kwa saini ya fundi kwamba vyombo havina neno.

Basi alipoanza kusema, sauti iliyoshushwa na mwalimu ikakutana na uzito ulioongezwa na Besi, vikajumlishana. Ikawa mtu anaongea ndani ya pipa. Safu ya tatu hawakusikia. Safu ya kumi wakaanza kuinua mikono.

"Mama, sema kwa nguvu!"

Mwendeshaji akatabasamu. "Mhandisi, leo tumechoka kidogo?"

Mheshimiwa Miwani akaegemea. "Tumwelewe mama jamani. Juzi alitupigia kelele, leo ametununia."

Safari hii mkono wa Besi haukusimama, ulikimbia. Alirudisha makali yote kwa mkupuo na kusukuma kitelezi juu. Maiki iliyokuwa karibu mno na mdomo ikasikia spika yake yenyewe, ikapiga mluzi mrefu, mwembamba, uliopita ukumbini kama sindano. Watu walijishika masikio, kisha mmoja nyuma akasema kwa furaha, "King'ora kimerudi!" na ukumbi mzima ukaanguka kicheko.

Mhandisi alisubiri wamalize. Halafu, bila kusogea kwenye maiki, akageuza uso na kutazama moja kwa moja mezani kwa fundi. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anatazama kama mtu anayetafuta bomba lilipopasuka.

Walipomaliza, Besi alimfuata kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa, kati ya viti vilivyorundikwa. Mpwa alisimama mlangoni kumzuia. Mhandisi akamwambia amwache.

Besi alieleza yote akiwa amesimama. Alama, mdahalo wa kwanza, saini, utepe mpya. Alipotaka kurahisisha, mama alimrudisha.

"Makali ya juu kwenye zile alama zako umeyaongeza kiasi gani?"

Akamwambia.

"Na chini umekata kuanzia wapi?"

Akamwambia.

"Kwa hiyo siku ya kwanza ulinikata kifua, na leo ukanijaza tope." Akafikiri. "Kwa nini leo hukuniambia kabla? Nilikuwa hapa saa nzima. Ungesema neno moja tu, 'mama, ongea ulivyozoea,' ningeongea nilivyozoea."

"Nilitaka kukusaidia, mheshimiwa." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Ulitaka kujisaidia wewe, nami nisijue nimesaidiwa. Hapo ndipo tulipogongana."

Besi akafanya alichokijua: akaweka kitu mezani. "Siku zilizobaki ni nne. Mikutano yako yote nitakuletea vyombo vyangu. Vyote. Bure."

Mpwa akacheka kwa pua. Mhandisi hakucheka.

"Fundi, sitafuti spika. Kuna karatasi kwa katibu yenye saini yako. Kwa karatasi ile mimi ni mwongo. Nataka nyingine."

"Ile haina uongo ndani yake."

"Ndiyo maana imekaa vizuri." Akachukua mkoba wake. "Umeniomba nikusamehe? Hukuniomba, na umefanya vizuri, sina nafasi leo. Kesho ofisi za kamati zimefungwa. Keshokutwa zinafunguliwa saa mbili."

Saa mbili ya keshokutwa Besi alikuwa mlangoni kwa katibu na karatasi mbili alizoandika kwa mkono, ile halisi na nakala yake. Aliandika kwa ufupi: kwamba alama zile zilipimwa kwa sauti za wanaume, kwamba alijua zitaiharibu sauti ya mwanamke, kwamba aliombwa na akakataa, kwamba alipoisikia imeharibika hakugusa, na kwamba mluzi wa mdahalo wa pili ni wake. Katibu alisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena.

"Fundi, hii unaijua inafanya nini? Kamati ilishatoa taarifa. Hii ikiingia kwenye faili, sisi ndio tutaonekana hatukuuliza vizuri."

"Mliuliza mlichouliza. Nami nikajibu hicho tu."

Katibu akashusha sauti. "Mwezi ujao kuna sherehe ya kuapishwa. Vyombo vitahitajika, na mimi ndiye ninayependekeza. Nenda na karatasi yako, ilete baada ya uchaguzi, tuipokee kwa utulivu. Hakuna aliyeumia hapo."

Maisha yake yote Besi alikuwa akisubiri sentensi kama hiyo kutoka kwa watu kama hao. Ilikuwa na bei, ilikuwa na tarehe, na ilisemwa na mwenye uwezo wa kuitimiza. Aliona mikono yake ikianza kukunja karatasi. Aliiona kabisa, kama ya mtu mwingine, na aliona aibu kwamba ilikuwa imeanza.

"Gonga muhuri, dada," akasema.

"Fundi."

"Zote mbili. Na saa uandike."

Katibu aligonga. Hakuuminya sana muhuri, tarehe ilitoka nusu. Besi akaomba arudie.

Nakala aliipeleka kwenye ofisi ya kampeni ya Mhandisi. Mwenyewe hakuwepo. Mpwa aliisoma, hakumkaribisha kiti.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Ningefurahi kuisoma wiki iliyopita. Magazeti ya kesho yameshajaa, hii hawatachapa. Redio labda. Soma, nikurekodi."

"Nisome mimi?"

"Nani mwingine?"

Alisoma mbele ya simu ya binti yule, mara moja tu, bila kukwama. Redio mbili ziliirusha siku moja kabla ya kura, baada ya taarifa ya hali ya hewa.

Adhuhuri ile alikuwa dukani, amebeba robota la kitambaa begani kumsaidia mkewe, alipoingia mteja wa pazia la chumbani, yule wa saa nane, akiwa bado na habari mdomoni.

"Umesikia redioni? Kumbe kweli yule mama walimchezea sauti. Mimi sasa nimeamini. Fundi mwenyewe kasema."

Mkewe hakumtazama Besi. Aliendelea kukunjua kitambaa juu ya meza, mkono kwa mkono.

"Na yeye mwenyewe aliposema?" akauliza.

"Nani, yule mama? Lini?"

"Siku ya pili tu baada ya mdahalo. Aliandika, akasema redioni, akasema na kwenye mkutano. Alisema vyombo vimemharibia sauti."

"Ah," mteja akasema, akipima pazia kwa macho, "yule si alikuwa analalamika."

Robota lilikuwa zito. Besi hakupata pa kuliweka, akabaki amesimama nalo.